Jinsi figo zinavyotengeneza mkojo: swali la mtihani lililomfaa mzazi

Mtihani wa KCSE unapokaribia, chumba cha kungojea wagonjwa katika kliniki yangu mjini Nyeri hubadilika sura. Kando ya akina mama wenye watoto na wazee wenye kikohozi cha baridi, huketi wanafunzi wa Kidato cha Nne, daftari magotini, midomo ikichezacheza. Wanakariri. Wengi wao wanatamani kusomea udaktari, uuguzi au famasia, na wanajua kwamba wasipopita vizuri katika Biolojia mlango huo hautafunguka.

Jumamosi moja mwaka jana, msichana mmoja wa kidato hicho alikuja akiandamana na babake, ambaye huuza viazi katika soko la Karatina. Mzee alikuwa na haraka. "Daktari, mimi ni mgongo tu," alisema. "Nidunge ile sindano nirudi kazini."

Binti naye alikuwa na karatasi ya mtihani wa majaribio na swali lililomkera. Alikuwa ametakiwa aeleze ni kwa nini glukosi na protini hazipatikani katika mkojo wa mtu mwenye afya. Akajibu kwamba vitu hivyo viwili hufyonzwa na kurudishwa katika damu. Mwalimu alimpa nusu ya alama.

"Daktari, nimekosea wapi?" aliniuliza.

Nilimpima babake shinikizo la damu nikapata 178 kwa 106. Nikampa kikopo, nikamwomba aende akalete mkojo. Alipotoka, nilivuta kiti nikaanza kumweleza binti yale ninayoyaandika hapa kwa ajili ya watahiniwa wote, na wazazi wao pia.

KUCHAMBUA MAHARAGWE KINYUME

Figo zetu ni mbili. Ziko nyuma ya tumbo, karibu na mbavu za chini, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kila moja ina umbo la haragwe, urefu wa sentimita 11 hivi na uzani wa gramu 150 hivi. Ingawa ni ndogo, figo hizi hupokea takriban sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani kama lita moja au zaidi kila dakika.

Watu wengi, hata waliosoma, hudhani figo hufanya kazi kama mama anayechambua maharagwe. Mama huyo humwaga maharagwe kwenye ungo, ule ambao huku kwetu huitwa gitaruru, akatafuta vijiwe na punje mbovu, akavitoa na kuvitupa. Maharagwe hubaki ungoni.

Figo hufanya kinyume chake. Kwanza humwaga nje karibu kila kitu kinachoweza kupita kwenye chujio, kizuri na kibaya pamoja. Kisha huokota kile ambacho mwili unakihitaji na kukirudisha katika damu. Kinachoachwa bila kuokotwa ndicho mkojo.

Binti alicheka. "Si hiyo ni kazi ya bure, Daktari?"

Si kazi ya bure. Fikiria mama ambaye leo anakuta changarawe katika maharagwe yake, kesho vipande vya chupa, na keshokutwa mbegu za magugu ambazo hajawahi kuziona. Akitafuta tu uchafu anaoujua, ule asioujua utaingia sufuriani. Lakini akiokota maharagwe peke yake, takataka za kila aina zitaachwa nje. Kwa njia hiyo figo huweza kuondoa hata vitu vingi ambavyo mwili haujawahi kukutana navyo. Mwanafunzi akilishika jambo hili moja, sehemu kubwa ya maswali ya figo hujijibu yenyewe.

HATUA YA KWANZA: KUCHUJA

Ndani ya kila figo mna vijichujio takriban milioni moja viitwavyo nefroni. Kila nefroni huanza na fundo la kapilari, yaani mishipa myembamba sana ya damu. Fundo hilo huitwa glomerulasi. Limekumbatiwa na kikombe kiitwacho kapsuli ya Bowman, kwa jina la William Bowman, daktari Mwingereza aliyekieleza mwaka wa 1842.

Mshipa unaoleta damu kwenye fundo ni mpana kuliko ule unaoitoa. Mtahiniwa asisahau kuliandika hili. Kwa kuwa damu huingia kwa wingi na kutoka kwa shida, shinikizo hupanda ndani ya fundo, na maji husukumwa kupitia kuta za kapilari hadi kikombeni. Maji hayo hupita pamoja na kila kilicho kidogo: chumvi, glukosi, amino asidi, vitamini na urea. Seli za damu na protini za damu ni kubwa mno, kwa hiyo hubaki ndani ya mishipa.

Kiasi kinachochujwa ni cha kushangaza. Katika mtu mzima mwenye afya ni kama mililita 125 kila dakika, sawa na lita 180 kwa siku. Hiyo ni mitungi tisa ya lita 20. Humo mna chumvi karibu kilo moja na nusu. Maji ya damu, yaani plazma, ni kama lita tatu tu mwilini, na hii ina maana kwamba huchujwa mara 60 kila siku. Iwapo figo zingechuja bila kurudisha chochote, plazma yote ingetuishia katika muda usiofika nusu saa.

HATUA YA PILI: KURUDISHA

Kutoka kwenye kikombe, maji huingia katika mrija mwembamba uliojikunja. Seli za ukuta wa mrija huu zina vinyweleo vidogo mno vinavyopanua eneo la kufyonza, na zina mitokondria nyingi za kutoa nishati. Ni sawa, kwa sababu kuokota ni kazi inayohitaji nguvu. Katika sehemu hii ya kwanza, karibu thuluthi mbili ya maji na chumvi hurudishwa katika damu, pamoja na glukosi na amino asidi zote.

Mrija huo kisha huteremka hadi ndani ya figo na kupanda tena, ukifanya kitanzi kiitwacho kitanzi cha Henle, kwa jina la Friedrich Henle, Mjerumani aliyekichunguza mwaka wa 1862. Upande unaoteremka huruhusu maji kutoka. Upande unaopanda husukuma chumvi nje lakini hauruhusu maji kupita. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya ndani ya figo huwa na chumvi kali, na chumvi hiyo ndiyo itakayovuta maji baadaye. Ngamia wa Isiolo ana vitanzi virefu, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazomwezesha kutoa mkojo mchache na mzito katika nchi yenye uhaba wa maji.

Mwisho, maji yaliyosalia hupita katika mirija ya kukusanyia mkojo, ambako mwili huamua ni kiasi gani cha maji kihifadhiwe. Homoni iitwayo ADH, inayotoka katika tezi iliyo chini ya ubongo, hufungua njia za maji katika kuta za mirija hiyo. Homoni hii ikiwa nyingi, maji mengi hurudi katika damu na mkojo huwa mchache. Ikipungua, mkojo huwa mwingi na mweupe.

Sisi wakazi wa maeneo ya Mlima Kenya tuna ushahidi wa kutosha. Anayelima mpunga Mwea katika jua kali hutokwa na jasho jingi, damu yake hupungukiwa na maji, ADH hupanda, na mkojo wake huwa mchache na wa rangi nzito. Mwenzake aliye Nyeri asubuhi ya Julai, ukungu umetanda na jua halionekani, huenda msalani mara kwa mara. Baridi hubana mishipa ya ngozi, damu nyingi hurudi ndani, na mwili huchukulia kana kwamba maji yamezidi. Naye aliyekunywa pombe usiku, iwe bia au muratina, hukojoa sana kisha huamka na kiu kwa sababu kileo huzuia ADH isitoke.

HATUA YA TATU: KUONGEZA

Wanafunzi wengi huisahau hatua hii. Baadhi ya vitu husukumwa na seli za mrija kutoka katika damu moja kwa moja hadi kwenye mkojo, hata kama havikuchujwa mwanzoni. Miongoni mwavyo ni asidi iliyozidi, potasiamu na baadhi ya dawa.

Penisilini ni mfano mzuri. Mwaka wa 1941, madaktari wa Oxford, Uingereza, walimtibu askari polisi aliyeitwa Albert Alexander kwa dawa hiyo iliyokuwa adimu wakati huo. Figo ziliitoa haraka sana, hivi kwamba madaktari walikusanya mkojo wake, wakaitoa penisilini humo na kumdunga tena. Alipata nafuu kwa siku chache, dawa ikaisha, na akafariki.

SABABU MBILI, SI MOJA

Sasa turudi kwa swali la binti. Glukosi huchujwa, kisha hurudishwa yote. Protini kubwa za damu hazichujwi tangu mwanzo kwa kuwa hazipenyi katika chujio. Vitu vyote viwili havionekani katika mkojo, lakini kwa sababu mbili tofauti. Aliyetoa sababu moja kwa vyote viwili alistahili nusu ya alama, na mwalimu hakumwonea.

Tofauti hiyo ndiyo inayotuonyesha pia ni kitu gani kimeharibika. Glukosi ikionekana katika mkojo, mara nyingi chujio halina kosa. Tatizo ni kwamba sukari imekuwa nyingi mno katika damu. Seli za mrija zina uwezo wenye kikomo, na sukari inapozidi takriban milimoli 10 kwa lita ya damu, hushindwa kuiokota yote. Inayobaki huvuta maji na kutoka nayo. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari hukojoa sana na kuwa na kiu isiyoisha.

Protini ikionekana, basi ni chujio lenyewe linalotiliwa shaka.

Shuleni vitu hivi hupimwa kwa majaribio ya Benedict na Biuret. Kliniki tuna kijiti chenye vipande vya rangi, ambacho huchovywa katika mkojo na kutoa jibu kwa dakika moja au mbili. Mzee aliporudi na kikopo chake, nilimpa binti kijiti akachovya mwenyewe. Kipande cha sukari hakikubadilika. Kipande cha protini kilitoka katika umanjano kikawa kijani.

Binti alikitazama, akamtazama babake. "Daktari, ina maana chujio limetoboka?" aliuliza kwa sauti ya chini.

ADUI ASIYEUMA

Shinikizo la damu ni muhimu kwa uchujaji kama tulivyoona, lakini likizidi kwa miaka mingi hukaza na kuharibu mishipa ya lile fundo. Kisukari nacho huharibu chujio kwa njia yake. Protini huanza kuvuja, kisha nefroni hufa moja baada ya nyingine. Nefroni iliyokufa haioti tena. Zilizobaki huongezewa kazi, na kwa sababu hiyo mtu huendelea kujihisi mzima hata baada ya kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo zake. Miguu inapovimba, chakula kinapokosa ladha na pumzi inapokuwa fupi, mara nyingi huwa tumechelewa.

Mzee alishangaa, kwa maana alijihisi mwenye nguvu. Mgongo wake uliumwa kwa sababu ya kubeba magunia, wala si figo. Watu wengi huku kwetu wakiumwa na kiuno husema ni figo, ilhali ugonjwa wa figo wa aina hii kwa kawaida hauumi.

Hata hivyo, nilipomuuliza zaidi, aliniambia kwamba kila mwezi alikuwa akidungwa sindano ya maumivu katika duka la dawa. Dawa za aina ya diklofenaki na ibuprofeni huweza kubana ule mshipa unaoleta damu kwenye fundo. Kwa mtu mwenye figo nzima, kuzitumia kwa siku chache aghalabu hakuleti madhara. Kwa mwenye figo dhaifu, aliyeishiwa na maji mwilini au mzee sana, zinaweza kuzimisha uchujaji.

Nayasema haya nikijikumbuka mwenyewe. Katika KCSE yangu, mwishoni mwa miaka ya tisini, niliweza kuchora nefroni nikiwa nimefumba macho. Miaka michache baadaye, nikiwa daktari mchanga katika mazoezi ya kazi, nilimdunga mzee mmoja sindano kama hiyo bila kumpima shinikizo wala mkojo. Alirudi baada ya siku chache uso umevimba na mkojo umepungua. Mchoro nilikuwa nao kichwani. Sikuuhusisha na mtu aliyekuwa mbele yangu.

Kwa hiyo sikumdunga baba yule. Nilimpa parasetamoli na kumshauri kuhusu namna ya kubeba mizigo. Baada ya majuma mawili tulipima mkojo tena, kwani homa au kazi ngumu huweza kuleta protini kwa muda mfupi. Protini ilikuwapo bado. Kipimo cha kreatinini katika damu kilionyesha kwamba alikuwa amepoteza sehemu ya uwezo wa figo, lakini sehemu kubwa ilikuwa imesalia. Nilimwanzishia dawa ya shinikizo, ya aina inayolegeza mshipa unaotoa damu kwenye fundo na kupunguza msukumo ndani yake, na tukakubaliana apunguze chumvi.

MASHINE HAIWEZI KUWA FIGO

Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa huhitaji kupandikizwa figo nyingine au kusafishwa damu kwa mashine. Mojawapo ya mashine za kwanza zilizotumiwa kwa wagonjwa ilitengenezwa na daktari Willem Kolff nchini Uholanzi mwaka wa 1943, wakati wa vita, kwa kutumia utando unaotumika kufungia soseji. Zamani wagonjwa wengi wa huku walilazimika kusafiri hadi Nairobi. Tangu mwaka wa 2015, serikali ilipoanza mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali za kaunti, mashine hizi zimesogea karibu na wananchi.

Tunashukuru, lakini tufanye hesabu. Mgonjwa anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, hupata saa 12. Figo hufanya kazi saa zote 168 za wiki. Mashine huondoa urea na maji yaliyozidi, lakini haina mikono ya kuokota kama ile ya nefroni. Ndiyo maana mgonjwa wake hupimiwa maji ya kunywa, na kukatazwa ndizi nyingi au vyakula vingine vyenye potasiamu nyingi. Wengine hufika mara mbili tu kwa wiki, na nauli, siku za kazi zinazopotea na dawa huimaliza jamaa nzima.

USHAURI WANGU

Kwa mtahiniwa: usianze kwa kukariri majina. Chukua kitu kimoja, kama vile glukosi, protini, urea au maji, ukifuate kutoka kwenye mshipa hadi kwenye kibofu. Kila mahali jiulize: kimechujwa? Kimerudishwa? Kimeongezwa? Kisha chora nefroni bila kutazama kitabu na uandike majibu hayo kando ya mchoro. Swali likikuuliza "kwa nini", taja sababu ya kila kitu peke yake.

Kwa mzazi: ukiwa umepita miaka 40, pimwa shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka. Iwapo una shinikizo la juu au kisukari, au kuna mtu wa jamaa yako mwenye ugonjwa wa figo, omba pia upimwe mkojo kwa kijiti na kreatinini katika damu. Usinunue sindano wala tembe za maumivu kila mwezi bila daktari kujua. Ukianzishiwa dawa za shinikizo usiziache kwa sababu unajihisi vizuri, maana hata ulipokuwa mgonjwa ulijihisi vizuri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa figo una gharama kubwa.

Baba yule bado anauza viazi Karatina. Huja kliniki kila mwezi, na mara ya mwisho shinikizo lake lilikuwa 128 kwa 80, nayo protini katika mkojo imepungua. Kadi yake ya kliniki huandikwa na binti, ambaye alifanya mtihani wake na sasa anangoja kujiunga na chuo cha uuguzi. Kabla sijamwambia chochote, mzee hunyosha mkono nimpime, kisha huniomba kikopo.